Mkono Mrefu wa Bibi Chiku

Kama umewahi kumpokonya mtoto penseli ili umwonyeshe ng'ombe anavyochorwa, isome hii mpaka mwisho. Mimi nimeletewa na mtu, nimeisoma, na hasira haijanitoka. Ndiyo maana naipitisha kwako.

Katika kijiji cha Mtondoni, ambako udongo wa mtoni ni mwekundu na unafinyangika vizuri, kulikuwa na mfinyanzi aitwaye Bi Zubeda. Vyungu vyake vilitumika kwenye harusi na misiba ya tarafa nzima. Aliliomba ghala la zamani la ushirika, ambalo lilikuwa limebaki na panya tu, akawakusanya watoto wa kijiji na kuwaambia, "Humu mtafinyanga mnachotaka."

Alikuwa na sharti moja, na alijiwekea yeye mwenyewe: mkono wake hautagusa kazi ya mtoto. Akifundisha, alifundishia donge lake. Akipita kuangalia kazi zao, aliifunga mikono nyuma kama askari. Watoto wakampa jina la Mama Pingu, naye akacheka pamoja nao.

Basi mambo yaliyotoka humo ndani! Kuku mwenye meno. Pikipiki yenye masikio. Mbuzi aliyevaa sare ya shule. Mzazi aliyechungulia mlangoni alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Sikudhani, binti mkimya aliyelelewa na bibi yake, Bibi Chiku, mpaka bibi alipofariki. Picha hakuachiwa hata moja, kwa sababu Bibi Chiku hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Sasa Sikudhani akamfinyanga bibi yake ameketi mkekani. Mkono mmoja ulikuwa wa kawaida. Wa pili ulikuwa mrefu ajabu, umeshuka begani, umepita magoti, umenyooka mbele.

"Mbona huu mrefu hivi?" Bi Zubeda aliuliza, mikono yake ikiwa nyuma.

"Huo ndio bibi aliokuwa akinifunikia shuka. Hata nikilala kule mwisho wa kitanda, ulikuwa unanifikia."

Bi Zubeda akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Kikauke vizuri," alisema, "halafu tutakichoma. Kikishapita motoni hakiyeyuki tena kwa maji. Utakuwa naye bibi yako mpaka uzeeke."

Tangu siku hiyo Sikudhani alikuwa akipita ghalani kila akitoka shule, anamtazama bibi yake anavyokauka, kisha anaenda zake.

Ndipo zikaja habari kwamba mgeni rasmi, mama mmoja mwenye cheo kikubwa kutoka mkoani, atakuja kufungua maonyesho ya watoto. Nanyi mnatujua sisi na wageni rasmi. Mawe ya barabarani yakapakwa chokaa. Mbuzi wakafungiwa. Kikachimbwa choo kipya, kikatiwa kufuli, na wenyeji wakaambiwa wasikisogelee, kana kwamba wao hawana haja.

Siku moja kabla ya sherehe, Mwenyekiti Mhando alikuja ghalani na kamati yake kufanya ukaguzi.

"Bi Zubeda, hiki ni nini?"

"Kuku, Mwenyekiti."

"Kuku ana meno?"

"Kuku wa huyo mtoto anayo."

"Mgeni atasema watoto wa Mtondoni wana wazimu! Na huyu bibi mwenye mkono kama wa nyani? Hebu virekebishe vyote leo hii."

"Vimeshakauka. Na si vyangu, ni vya watoto."

Mwenyekiti akacheka kwa dharau. "Wewe si fundi? Fundi gani anashindwa na udongo? Au unataka ghala tulirudishe kwa wenyewe?"

Hapa nisikufiche, nami nilimkasirikia Bi Zubeda kuliko hata huyo Mwenyekiti. Mwenyekiti hakujua lolote kuhusu udongo. Bi Zubeda alijua. Mtoto yeyote wa mfinyanzi anajua kwamba udongo mbichi haushiki juu ya udongo mkavu, na kwamba maji yakijificha ndani ya kitu, moto utakipasua. Lakini aliogopa. Tena si kuogopa tu. Ndani ya moyo wake naye alitaka mgeni aone kazi safi, aulize fundi ni nani, na watu wamnyooshee yeye kidole.

Watoto wakaambiwa waende nyumbani wakapige pasi sare zao. Mlango ukafungwa. Bi Zubeda akaifungua mikono yake.

Kuku akang'olewa meno, akapachikwa mdomo. Pikipiki ikakatwa masikio. Mbuzi akavuliwa sare. Ilipofika zamu ya Bibi Chiku, Bi Zubeda akaushika ule mkono mrefu, akauvunja begani, ko! Akautupa nyuma yake, kwenye rundo la nyasi na samadi kavu lililowekwa tayari kwa kuchomea. Kisha akaloweka udongo, akampachika bibi wa watu mkono mwingine, mfupi, mzuri, ulio sawasawa na mwenzake. Wajumbe wa kamati wakapiga makofi.

Asubuhi watoto walikuta kazi zao zimeshapangwa shimoni na kufunikwa kwa nyasi na samadi. Moto ukawashwa. Sikudhani akaketi upande ule ule moshi ulikoelekea.

"Bibi yangu yumo?"

"Yumo," alijibu Bi Zubeda bila kumtazama usoni.

Baada ya muda sauti zikaanza kusikika chini ya moto. Pa! Pa! Watoto wakashangilia, wakidhani ni sherehe. Bi Zubeda hakushangilia. Alijua kila mlio ni nini.

Mgeni alichelewa, kama kawaida ya wageni. Ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa, mpaka moto ukazimika na majivu yakapoa. Hatimaye Mwenyekiti akatangaza kwa madaha, "Sasa Mheshimiwa atajionea mwenyewe kazi za watoto wetu!"

Majivu yakaondolewa. Kulikuwa na vigae tu. Hakikubaki kitu kizima, si kuku, si mbuzi, si bibi.

Watu wakapigwa na butwaa. Unajua Mwenyekiti alisema nini? Shika moyo.

"Tuwie radhi, Mheshimiwa. Ndivyo walivyo watoto wa siku hizi. Tunawafundisha, hawasikii. Kufinyanga kwenyewe hawajui."

Akayasema hayo mbele yao, wamevaa sare zilizopigwa pasi. Na Bi Zubeda alikuwa amesimama pale pale, kimya.

Sikudhani hakulia. Aliingia shimoni na sare yake, akapiga magoti, akaanza kupekua majivu. Akakiona kipande kimoja, akakiinua, akakirudisha. Akaenda upande zilikokuwa zimelundikwa nyasi nyingi zaidi. Kisha akasimama, na mkononi alikuwa ameshika kitu kirefu, chekundu, kizima, kisicho na ufa hata mmoja.

Mgeni rasmi akakipokea, akakigonga kwa ukucha. Kikalia kwa sauti safi.

"Hiki mbona kimepona? Ni nini, mwanangu?"

"Ni mkono wa bibi yangu."

"Na bibi mwenyewe yuko wapi?"

Sikudhani akainama tena, akaokota kipande cha ule mkono mfupi, akakigeuzageuza.

"Huu si wangu. Bibi yangu hakuwa na mkono kama huu." Akainua uso, akawatazama watu wazima mmoja mmoja. "Nani amemkata bibi yangu mkono?"

Ndipo mtoto mwingine akapaza sauti, "Na kuku wangu alikuwa na meno!" Na mwingine, "Mbuzi wangu sare yake iko wapi?" Wote wakaingia shimoni, wakiokota vigae na kuulizana.

Mgeni akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Bi Zubeda.

"Nilivikata mimi," Bi Zubeda alisema. "Watoto wangu walifinyanga vizuri. Niliwaharibia mimi, tena najua udongo."

"Mimi nilisimuliwa habari za kuku mwenye meno," mgeni alisema. "Nimetoka mkoani kuja kumwona huyo." Akamrudishia Sikudhani mkono wa bibi yake kwa mikono miwili, akapanda gari. Pilau akawaachia wenyewe.

Ungedhani Mwenyekiti aliona haya. Thubutu! Aliitisha kikao kutafuta nani alimsimulia mgeni habari za kuku.

Bi Zubeda alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba radhi watoto, na nyuma ya mgongo mikono yake alikuwa ameifunga kweli kweli kwa kitambaa. Walimsamehe, watoto ni watu wema. Walirudi wote isipokuwa Sikudhani. Yeye aliuviringisha ule mkono katika kanga ya bibi yake, akawa analala nao kule mwisho wa kitanda. Udongo hakuugusa tena.

Siku ya kwanza ghala lilipofunguliwa tena, Bi Zubeda aligawa madonge. Zamani, kabla hajamaliza kugawa, vidole vilikuwa vimeshaanza kazi. Safari hii watoto waliketi na madonge mapajani, wakimtazama.

"Tufinyange nini?" aliuliza yule wa kuku mwenye meno.

"Chochote unachotaka, mwanangu. Chochote kile!"

Watoto wakatazamana. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote wakafinyanga vyungu. Vyungu vizuri, vimenyooka, vyote sawasawa na vya Bi Zubeda.

Mwenyekiti Mhando alipopita akavisifu sana.

Funzo: Ukikikata alichobuni mtoto ili wewe usiaibike mbele ya wakubwa, hutapata kazi nzuri zaidi, bali utapata mtoto anayesubiri kuambiwa awaze nini. Funga mikono yako nyuma, mwache afinyange.