Picha ya Mgongo

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwake, maana leo nataka hukumu.

Walikuwa ndugu watatu. Maulidi alijaliwa jicho: hata sindano ikidondoka mkekani, ataiona. Saumu, dada yao mkubwa, alijaliwa kumbukumbu. Jambo la zamani atakusimulia na siku yake. Kheri, kitinda mimba, alijaliwa vidole sita mguu wa kushoto, basi! Mnacheka? Ngojeni.

Siku moja waliingia jumba la picha mjini Tanga, wakakubaliana kila mmoja achague picha aipendayo. Kheri akachagua baiskeli nyekundu. Saumu akachagua kapu la machungwa. Maulidi akasimama kwenye kona nyuma ya mlango, habanduki.

"Kaka, umeganda?" Kheri akamtania. "Kwa picha ya mgongo?"

Kweli, alikuwa mwanamke aliyechorwa kwa nyuma, mtoto kalala kwenye mbeleko.

"Sijui kwa nini," Maulidi akasema, "lakini naipenda hii."

Saumu naye akaja kucheka. Kicheko kikamkatika. Mbeleko ile ilikuwa kanga ya korosho yenye kiraka cha buluu, na kiraka chenyewe alikishona yeye, akiwa na miaka tisa.

"Jamani, huyu ni mama!"

Mama yao alifariki Kheri hajaanza kutambaa, na hakuacha picha hata moja. Saumu, pamoja na kumbukumbu zake zote, uso wa mama ulikuwa umeanza kumtoka. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, kwa uchungu.

Mwenye jumba, Mzee Singano, akatikisa kichwa. "Mchoraji aliniusia nisiiuze, niwape wanawe huyu mama. Lakini kanga zenye viraka zimejaa mji mzima, binti yangu. Ushahidi uko wapi?"

Kheri akainama. Kwenye mbeleko kulichungulia kiguu cha mtoto, cha kushoto. Akahesabu, akavua kiatu.

"Hesabu na wewe, mzee."

Sita, na sita. Mzee akaishusha picha. "Haya, nani anaichukua?"

Hapo ndipo penye kazi, maana Maulidi anakaa Lushoto, Saumu Pangani, Kheri Korogwe.

"Bila mimi mngeipita," akasema Maulidi.

"Na bila mimi ungemjua ni nani?" akajibu Saumu.

Kheri akasema polepole, "Nyinyi mlimwona mama. Mimi nilibebwa tu."

Saumu, aliyemlea, machozi yakamlengalenga, lakini mkono wake haukuiachia fremu.

Wangali wameishika, watatu wote, na mzee anataka kufunga mlango. Msiniambie waikate vipande! Haya, wewe ungempa nani?