Flashi Iliyofungwa Kwenye Leso

Mkeka mkuukuu unaokulaza kila siku usiutupe kwa kuvutiwa na msala mzuri wa mpita njia. Msala utakwenda zake, nawe utabaki sakafuni. Andati aliijua methali hiyo tangu darasa la sita, ila kujua ni kimoja na kutii ni kingine.

Andati alikuwa fundi wa kompyuta mjini Kakamega, hodari wa kufungasha programu za Linux, yaani kuziandaa ziwe tayari kuwekwa kwenye kompyuta. Aliifungashia zahanati moja ya upande wa Shinyalu programu ya rekodi za chanjo, toleo 2.8, kisha 2.9. Toleo 3.0 lilipotoka, alipanda pikipiki mbio kwenda kuliweka.

Mama Jescah, karani wa rekodi, alimwona akitaka kufuta 2.9. Akamwomba ainakili kwanza kwenye flashi yake.

"Mama, hii ya zamani unaiwekanga ya nini?" Andati alicheka.

"Mwanangu, mbegu hatulangi mpaka shamba liote."

Andati aliinakili, akamrudishia flashi yake, kisha akaifuta 2.9 na kuweka 3.0. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyezoea kuwafundisha wenzake: namba ya mwisho ya toleo ikibadilika, ni kiraka tu, ya kwanza ikibadilika, nyumba imejengwa upya, na huenda funguo za zamani zisifungue. Siku hiyo tamaa ya upya ilimziba masikio.

Kesho yake ilikuwa siku ya chanjo, na Andati alirudi kuona toleo jipya likifanya kazi. Christine, mchuma chai, alifika na mwanawe mgongoni.

"Kadi ilinyeshewa, ikawa uji," alisema. "Mniangalizie kwa kompyuta."

Kompyuta haikuonyesha jina hata moja. Toleo 3.0 halikuweza kusoma rekodi za zamani. Muuguzi hakuthubutu kudunga sindano kwa kubahatisha, mvua ilikuwa imekata mtandao hivyo 2.9 haikuweza kupakuliwa tena, na nje akina mama thelathini walisubiri. Aibu ilimjaa Andati.

Mama Jescah alifungua fundo la leso yake, akatoa flashi.

"Shika mbegu yako."

Baada ya dakika kumi 2.9 ilikuwa imerudi, na majina yote pamoja nayo. Mtoto wa Christine alidungwa, akalia kwa sauti iliyowachekesha wote.

Andati aliushika mkono wa Mama Jescah kwa mikono yake miwili.

"Asante, mama. Umeniokoa mimi, umewaokoa na hawa watoto. Sitasahau."

"Asante ni ya Mungu. Hiyo tatu yako kaijaribu huko kwako. Ikiota, tutapanda."

Andati alicheka, machozi yakimlengalenga. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.