Homa Ameondoka, Mbona Hupiki?

Mama mmoja kijana, jina lake Zamoyoni, alikuwa na mgeni ambaye hakumwalika. Mgeni huyo aliitwa Homa. Aliingia na masika, hakupiga hodi, akalala kitandani na mwenye nyumba akalala chini, na kula, jamani, alikula kama watu wa matanga: akamaliza unga wote wa pipa, akamaliza maharage, akachoma kuni, na kuni zilipoisha akachoma vigoda. Majirani walimwonea huruma sana Zamoyoni. Walikuja na dawa, wakaja na maombi, na mwisho akaja balozi wa nyumba kumi mwenyewe, Mzee Kigwa, na fimbo yake, akamtoa Homa mbio mpaka ng'ambo ya mto, na mtaa mzima ukapiga vigelegele.

Kesho yake wote wakawa wanatazama jiko la Zamoyoni, maana pale mtaani nyumba iliyopata nafuu hupikia wenzake. Moshi haukutoka. Wakasema apumzike kwanza, wakampa muda, na moshi haukutoka. Basi mmoja akasema Homa atakuwa amerudi kupitia dirishani, na Mzee Kigwa akaitwa tena, akaingia na tochi mchana kweupe, akapekua chini ya kitanda, darini, ndani ya mtungi, akamwinua hata kuku aliyekuwa ameatamia, asije akawa amemlalia Homa. Hakumwona. Akatoka nje akatangaza kwamba nyumba ni safi, na kama Homa hayumo, basi kilichomo ni uvivu.

Zamoyoni alijaribu kueleza, lakini kila akianza anaambiwa mbona sura yake nzuri tu. Siku moja akalikung'uta lile pipa, akakwangua pande zote, akapata unga wa sufuria moja, akapika. Walivyofurahi! Walikula, wakalamba mwiko, wakamsifu kwamba kumbe akiamua anaweza, na kesho apike na wali. Kesho hapakuwa na unga hata wa uji wa mtoto, na wakamkasirikia kuliko mwanzo.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika kumchukua mjukuu, Shukuru, mtoto ambaye hata kusimama alikuwa hajaanza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba mtoto hakai kwenye nyumba isiyopika, akaanza kufunga vinguo vyake kwenye khanga, huku akieleza kwamba yeye zamani alipokea wageni kama Homa, wawili kwa mpigo, na bado alfajiri yuko shambani. Zamoyoni akashika ncha moja ya khanga, mama mkwe akashika nyingine, wakavutana kwa adabu, kama watu wanaokunja shuka. Na Zamoyoni, ambaye hajawahi kumjibu mkwe wake tangu aolewe, akasema:

"Mama, mmemtafuta Homa mpaka chini ya kuku. Kuna hata mmoja aliyechungulia pipa?"

Mama mkwe akaachia khanga. Akaliendea pipa, akainama, akazamisha kichwa, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokitoa alikuwa na utando wa buibui kwenye paji la uso, na hakuufuta. Akarudisha vinguo vya mtoto mahali pake, akamwambia Zamoyoni asipike hata akijiona anaweza, hasa akijiona anaweza. Kisha akakaa mlangoni, na kila aliyekuja kuulizia moshi akarudishwa kwao akalete unga.

Pipa mpaka leo halijajaa. Linapanda kidogo, linashuka, na Zamoyoni hulichungulia kila asubuhi, maana hakuna aliyeweza kumwambia litajaa lini, wala kama litajaa.

Nami nawauliza nyie mliopiga vigelegele kule mtoni: kumfukuza Homa na kujaza pipa, tangu lini ikawa kazi moja?