Ua wa Mama Nyamizi

Hadithi njoo!
(Njoo na miguu minne!)
Ikija na mkonga?
(Tutaipisha!)

Basi ipisheni. Hapo kale, si kale ya mababu, kale ya juzi juzi tu, palikuwa na mgodi wa dhahabu chini ya kilima cha Ng'waseko. Mkubwa wa mgodi aliitwa Mabula. Mpishi wa mgodi aliitwa Mama Nyamizi, mwanamke mfupi mwenye kicheko kirefu.

Ndovu wa kilima kile walikuwa na njia yao ya kwenda mtoni. Mabula akaiziba kwa seng'enge. Ndovu wakaja, wakaangusha. Akaiziba kwa magogo. Wakaja, wakaangusha. Akaiziba kwa mabati. Mabati, jamani, waliyakunja kama chapati! Siku hiyo wakafika hadi stoo, wakala unga wa mwezi mzima, wakatoka na pua nyeupe. Mnacheka? Wachimbaji nao walicheka, mpaka walipokosa ugali.

Mabula akasema sasa ataita wenye bunduki. Mama Nyamizi, aliyezaliwa kilimani pale na kuwajua ndovu wale tangu wakiwa ndama, akasema ngoja kwanza. Akamwomba siku tatu tu. Akapewa.

Siku ya kwanza Mabula anatoka ofisini kwenda kula, anakuta ua wa miiba umekata njia ya jikoni. Akauruka, suruali ikachanika. Siku ya pili ua umepanda. Akapita chini kwa tumbo, akatokea na vumbi hadi kwenye kope. Siku ya tatu ua unamfika kifuani, wachimbaji wamekaa wanamtazama, na huko jikoni samaki sato ananukia. Njaa haina adabu. Akaupiga teke, teke, teke, ua chini.

Mama Nyamizi akaweka mwiko kando.

"Iteni wenye bunduki," akasema taratibu. "Kuna mwingine huyu kavunja ua."

Mabula akajitazama miguu, akautazama ua. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema, "leo nimeuonja mimi. Mama, njia yao ilipita wapi hasa?"

Akaonyeshwa jioni ile ile. Mabati yakang'olewa. Barabara ya malori ikahamishiwa upande wa pili wa kilima. Shimo lililokwisha dhahabu likafukiwa kwa udongo wake lenyewe, Mama Nyamizi akapanda miche ya migunga juu yake. Na ndovu wakionekana tu, makatapila yote huzimwa.

Kundi lilipopita mara ya kwanza, wachimbaji walisimama wakishikana mikono kama watoto. Jike kubwa likasimama mbele ya Mabula, likamnusa kwa mbali, likaangusha mzigo wa kinyesi, likaendelea na safari.

Mabula, machozi yakimlenga, akasema ile ni shukrani.

Mama Nyamizi akasema ni mbolea, akaenda kuleta karai.

Hadithi yangu imekwisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nitaimeza mwenyewe.