Kuvu Mbili Katika Bakuli Moja

Nyuma ya kiwanda cha karatasi palikuwa na chumba chenye harufu ya mbao mbichi na spiriti. Humo dada wawili wa tumbo moja walifuga kuvu. Walitafuta kuvu itakayotoa vimeng'enya vingi vya kuozesha mbao, ili vibanzi vya mbao vya kutengenezea karatasi vilainike kabla ya kuchemshwa. Meneja aliwaambia waziwazi: visipolainika kufikia mwisho wa mwezi, chumba kitageuzwa stoo, nao watapelekwa kufunga maboksi.

Mkubwa alifuga kuvu nyeupe, isiyo na haraka. Mdogo alifuga ya kijani, iliyoenea kama uvumi. Hakuna hata moja iliyofua dafu. Badala ya kushauriana, wakalaumiana.

"Hilo likijani lako linavamia kila kitu!" mkubwa alifoka.

"Afadhali yangu, dada. Yako inalala kama mgeni wa hoteli."

Mwishowe wakanuniana, hata salamu ikawa haba. Aliyefurahi ni mtunza stoo. Kila asubuhi alijitokeza na tepu yake, akapima kuta atakapoweka rafu.

"Endeleeni tu, dada zangu," alisema huku akichekelea. "Mimi sina haraka."

Siku moja mkubwa alijaza vibanzi katika bakuli la kioo, akapanda kuvu yake upande mmoja. Kwa hasira alizokuwa nazo, hakulitia alama. Mdogo alilikuta, akadhani halijapandwa kitu, akapanda yake upande wa pili. Laiti wangekuwa wanasemezana, jambo hilo lisingetokea.

Kuvu zilipochipuka, mkubwa alipandwa na mori. Desturi ya chumba kile ilikuwa moja: kuvu ngeni ikionekana bakulini, vyote vinachemshwa na kumwagwa. Alikwisha kulibeba bakuli pale mdogo wake alipomshika mkono.

"Ngoja, dada. Tazama hapo katikati."

Pale kuvu zilipokutana palikuwa na ukingo wa kahawia. Mkubwa akabonyeza kwa kijiti. Kibanzi kikabonyea kama mkate uliolowa, ilhali vile vya pembeni vilikuwa vigumu bado.

"Zinagombana," alisema polepole. "Ikiwa peke yake, kila moja inakula kwa raha zake. Ikikutana na mwenzake, inatoa vimeng'enya vyote ilivyo navyo."

"Na sisi tuliogombana tumetoa nini?"

"Kelele," mkubwa alijibu, na aibu ikamshika. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka ushindi wangu kuliko chumba chetu."

Wakapanda upya, safari hii kwa makusudi, na kando wakaweka mabakuli yenye kuvu moja moja ili walinganishe. Vipimo havikuacha shaka: bakuli la ugomvi lilikuwa na vimeng'enya vingi kuliko yale mengine yakijumlishwa. Meneja alipokuja, alichukua kibanzi, akakiminya kwa vidole, kikameguka.

"Chumba kibaki," alisema, akaenda zake.

Mtunza stoo alibaki mlangoni na tepu yake mkononi.

"Sasa rafu zangu je?"

"Subiri tugombane tena, kaka," mdogo alimjibu, na dada yake akacheka hadi machozi yakamtoka.

Mtunza stoo alisubiri bure. Tangu siku hiyo walioruhusiwa kugombana mle ndani ni kuvu peke yao, na dada wale wawili wakavuna walichokuwa wakikitafuta. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.