Kichwa cha Kapela na Njia ya Ndahani

Usilaumu kichwa kabla hujatembea njia. Ndivyo mama yenu alivyomwambia baba yenu asubuhi hii, baba alipokuwa anamfokea ndugu yenu Mazoya kwa sababu ya mtihani, naye baba yenu akanyamaza. Sasa mnaniuliza, bibi, kichwa na njia vinahusiana nini? Kaeni basi, na aliye karibu na karanga asizimalize. Methali hii ilizaliwa kwetu Itigi, kwenye kota za reli, na ilianza hivi.

Babu yenu Ndahani alikuwa mnyapara wa gengi. Gengi ni wale watu wanaotunza njia ya treni. Na watu wa reli wakisema njia, wana maana ya vyote pamoja: reli zenyewe, mataruma yanayolala chini yake, na kokoto. Kila asubuhi babu yenu aliitembea njia yake kwa miguu, nyundo begani, akitafuta palipolegea.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Kapela, dereva wa treni. Yeye alikaa juu, kwenye kichwa, yaani ile mashine inayovuta mabehewa. Babu yenu Mgogo, Kapela Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao haukujua likizo. Kapela akilikaribia gengi hupiga honi makusudi ili watu wamwage chai. Babu yenu naye humwambia, "Bila njia yangu, kichwa chako ni jiko la kuchomea mahindi."

Kapela alikuwa na binti, Kalunde. Alimpeleka chuo cha ufundi kusomea umeme, akashindwa mtihani wa mwaka wa kwanza, akarudi nyumbani. Chuo kilikubali arudie mwaka, lakini Kapela hakutaka. "Hana kichwa," alisema, tena mbele yake, mbele yetu, hata mbele ya muuza maziwa. Kalunde alikuwa mtu wa kimya. Wengine walimwona ana maringo, maana ukimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, anakupita kama nguzo. Lakini kazi ya mkono aliiweza. Akitengeneza pasi au redio, aliisogeza usoni mpaka inakaribia kugusa pua, ungedhani anainusa.

Sasa, klabuni kwetu kulikuwa na sanduku la treni ya kuchezea, lililoachwa na mhandisi mmoja aliyehama. Si treni ya kusukuma kwa mkono, ni ya umeme. Kisanduku cha umeme unakichomeka ukutani, nyaya mbili zinatoka hapo kwenda kwenye zile reli mbili ndogo, na kichwa kinaunyonya umeme kutoka kwenye reli kwa magurudumu yake. Ilikuwa imelala miaka mingi. Sikukuu ya familia za reli ilipokaribia, wazee wakaamua ifufuliwe, watoto wafurahi.

Kalunde akaomba kichwa. Akakifungua, akafuta kutu, akaunga waya ulioungua. Kapela akamtazama, kisha akasema, "Haya. Kikitembea mbele ya watu, utarudi chuoni. Kisipotembea, sitaki kusikia tena habari ya umeme humu ndani."

Njia, bila shaka, alipewa babu yenu aitandike. Akaitandika juu ya meza ya tenisi, ikazunguka meza yote. Kituo cha Itigi alikitengeneza kwa boksi la biskuti, akakiweka karibu na kisanduku cha umeme. Upande wa pili akaweka boksi la sabuni, akaliita Saranda, kama kile kituo cha jirani. Kwa siku zile alikuwa mtu wa furaha sana. Nilimwona hata akiinama kutoa kopo lake la kazini chini ya kitanda changu, akaondoka nalo anapiga mluzi.

Siku ya sikukuu ukumbi wa klabu ulijaa. Kalunde akakiweka kichwa pale Itigi, kikawasha taa yake ndogo ya mbele. Akazungusha kitufe. Kikaondoka! Watoto wakapiga kelele. Lakini kilipoacha Itigi kikaanza kuchoka, taa ikafifia, na kabla ya kufika Saranda kikasimama kabisa.

Kapela akakichukua, akakitikisa, akakipiga kwenye kiganja. Akakirudisha palepale. Kimya.

"Kimekufa," akasema. "Nilijua. Kichwa kimetengenezwa na asiye na kichwa, kitafika wapi?"

Watu wengine walicheka. Kalunde hakucheka. Alikiokota, akakirudisha Itigi, kikaondoka tena mbio, na njiani kikafa tena mahali palepale.

"Baba," akasema, "kichwa kizima hiki. Kingekuwa kibovu, kingekuwa kibovu kila mahali. Hapa kinakimbia, kule kinakufa. Tuitembee njia."

Babu yenu akasimama. "Njia ya nani? Njia yangu mimi? Binti, njia yangu imepitisha mabehewa ya ng'ombe, ya mafuta, ya wanajeshi. Itashindwa na hiki kidude?"

"Samahani, baba mdogo. Lakini treni kubwa ikipata shida, wewe si huwa unatembea?"

Babu yenu akaisogelea meza. Kisha akasema, "Hutembea."

Kalunde akachukua balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja akaugusisha reli hii, wa pili reli ile, pale Itigi. Balbu ikawaka vizuri. Akavuka kiungo cha kwanza, pale reli moja inapokutana na nyingine. Ikawaka, lakini njano. Akavuka cha pili: nyekundu kama kaa la moto linalozimika. Akavuka cha tatu. Giza.

Akainama, akachomoa kibati kinachounga reli mbili, akakileta puani.

"Baba mdogo, hii ni nini?"

"Grisi," babu yenu akajibu. "Kiungo hakiachwi kikavu, binti. Kikikosa grisi kinashika kutu, reli inashindwa kujinyoosha."

"Na hizi nafasi kati ya reli na reli?"

"Za jua. Jua likiwaka, chuma kinatanuka. Usipoacha nafasi, njia inapinda, treni inaanguka. Nani asiyejua hilo?"

Kalunde akasema taratibu, "Ni kweli, baba mdogo. Ila hapa umeme ndio abiria. Grisi inamzuia, na nafasi hizi hawezi kuziruka."

Hapo Kapela akalipuka kwa kicheko. "Mgogo wewe! Jua la juu ya meza ya tenisi umeliona wapi? Umetandika njia ya kutoka hapa mpaka Dodoma!"

Babu yenu alicheka pia mpaka akafuta macho. Wakaketi wote pamoja, wakafuta grisi kwa kitambaa na spiriti kutoka zahanati, wakazisukuma reli zikagusana, Kalunde akavibana vile vibati kwa koleo. Kichwa kikarudishwa Itigi. Kikaondoka, kikapita kiungo cha tatu, kikapita Saranda taa ikiwa nyeupe, kikarudi Itigi, kikaendelea kuzunguka tu. Siwezi kuwaeleza kelele za watoto.

Kelele zilipotulia, babu yenu akamgeukia Kapela. Safari hii uso wake haukuwa na utani. "Mtani, kosa lilikuwa langu. Lakini na wewe umelaumu kichwa kabla hujatembea njia."

Kapela akaitikia, "Kweli, nimekipiga kichwa bure." Halafu akasita. Nadhani maneno yale yalimwingia mara ya pili, kwa mlango mwingine. Akamtazama binti yake.

"Kalunde. Huko chuoni, ulikuwa unakaa wapi?"

"Nyuma, baba. Tulipangwa kwa herufi za majina ya ukoo, nikaangukia nyuma."

"Mwalimu akifundisha?"

"Nasikia sauti yake. Anachoandika ubaoni sikioni. Naona weupe tu, kama unga uliomwagika. Nikadhani wenzangu nao wanaona hivyohivyo, ila wana akili za kukisia."

Kapela akanyoosha kidole ukutani, mwisho wa ukumbi. "Pale ni saa ngapi?"

Kalunde akakunja macho. "Kwani pale kuna saa?"

Wajukuu zangu, saa ile ilitundikwa kabla Kalunde hajazaliwa. Ina uso mpana kama ungo.

Kapela akaketi kwenye benchi, akavua kofia yake ya udereva, akaishika magotini. Wiki ileile alimpeleka binti yake hospitali ya macho mwenyewe, na Kalunde alirudi chuoni na miwani, akamaliza. Mimi ninachokumbuka zaidi ni asubuhi moja kabla hajaondoka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na ndoo yangu kichwani, na yeye ndiye aliyenipungia mkono kwanza.

Basi kota nzima ikalichukua lile neno, likatoka Itigi, likafika mpaka humu ndani. Ndiyo maana baba yenu alinyamaza, akavaa viatu, akamshika Mazoya mkono, wakaenda shuleni kumwona mwalimu. Hata chai yake ile pale, haijaguswa.

Usilaumu kichwa kabla hujatembea njia.