Mwalimu wa Karata Asiyetoza Ada

Ndugu zangu, mnanijua. Mtu akinichekea sana, mkono wangu unakwenda wenyewe kupapasa mfuko. Basi leo sikilizeni habari ya fundi baiskeli mmoja, halafu mseme kama nakosea.

Fundi huyu alikuwa bingwa wa karata za barazani, zile za kupitishia muda baada ya alasiri. Siku moja akaja mgeni kuzibiwa pancha, mtu mpole, nadhifu, ananukia marashi. Akamtazama akicheza, akasema, "Fundi, mtu mwerevu kama wewe unapotezea akili kwenye mchezo huu? Njoo nikufundishe poka. Bure kabisa."

Somo likaanza. Karata tano mkononi. Jozi moja ni cheo cha chini, jozi mbili zinaishinda, tatu za namna moja, tuseme wafalme watatu, zinazishinda hizo. Kisha tano zinazofuatana. Kisha tano za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu. Kisha tatu za namna moja pamoja na jozi, na juu yake nne za namna moja. Kileleni kabisa ni tano zinazofuatana zikiwa za aina moja, ambazo mtu anaweza kuzeeka asizione.

Fundi akaingiwa na shaka. Barazani kwao saba inamla mfalme. Huku saba imekuwa karata ya hivi hivi tu. "Huyu ananipotosha," akawaza. Akaenda kwa binamu yake aliyewahi kufanya kazi hoteli ya watalii. Binamu akamwambia, "Mpango ndio huo huo. Hajakudanganya hata chembe." Moyo wake ukatulia, hata akamsimulia mgeni alivyothibitishiwa.

Nyumbani, mkewe alikuwa akishona sare za shule. Cherehani ile ndiyo iliyowalisha kila kazi ya baiskeli ilipolala.

"Baba Rukia, huyo mgeni wako anapata nini?"

"Hapati kitu. Si nimekwambia ananifundisha bure?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Nimeshahakikisha, mama. Kila anachosema ni kweli."

Mwanamke akaendelea kushona, lakini hakuridhika. Na mimi nisingeridhika.

Ikafika siku ya kucheza kwa dau. Mgeni ndiye aliyegawa. Fundi akafungua karata zake: wafalme watatu na tisa mbili! Zamani asingejua ameshika nini. Sasa alijua, akapanga vyeo kichwani, akaona ni nadra sana mtu kumshinda. Mgeni akaweka pikipiki yake, akauliza kwa upole, "Na wewe, fundi?"

Fundi akasema, "Cherehani."

Cherehani ya nani, ndugu zangu? Ilikuwa yake?

Mgeni akalaza karata zake chini moja moja. Saba. Saba. Saba. Saba.

Fundi akaruka. "Umenidanganya!"

"Nimekudanganya wapi? Kamuulize tena binamu yako. Nne zinashinda tatu na jozi, nilikufundisha siku ya kwanza. Ungekuwa hujui ulichoshika, ungeogopa, ungeweka pampu ya baiskeli. Mimi nilitaka mtu mwenye uhakika."

Jioni ile ile cherehani ikabebwa, kitambaa cha sare kikiwa bado kimebanwa chini ya sindano. Mwanamke alisimama mlangoni akiitazama ikienda. Nami naona uchungu hata kuwasimulia.

Sasa tujiulize sisi. Fundi hakuwa mjinga. Alishuku, alichunguza, alipata jibu sahihi. Lakini alichunguza maneno, hakumchunguza msemaji. Sisi tunadhani Ibilisi anakuja na uongo mtupu. Kwa nini ajisumbue? Anaweza kukupa ukweli mwingi, mzuri, uliothibitishwa, mpaka ujiamini ukaweke mezani kisicho chako. Hizo simu mlizoziweka kimya hapo mifukoni, hazijawahi kuwaambia, "Jifunze hapa, bure kwa wanaoanza"? Ni nani huyo anayewapenda kiasi hicho, na hata jina lenu halijui?

Kwa hiyo mtu akikufundisha kwa upole usiouelewa, usiulize tu, "Ni kweli?" Uliza kama alivyouliza mwanamke yule: anapata nini? Na uulize wakati cherehani bado iko ndani.